Kila mstari 59? Hapana mpwa

SWALI: Shikamoo anko. Mie niko Mtwara mjini huku Chikongola, napiga kazi ya bilingi online kwa kliniki moja ya fizio (tiba ya viungo) iko Texas. Shida ni klemu (madai ya malipo) za Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani hasa ya wazee, mgonjwa akifanyiwa huduma namba 97140 na 97530 siku moja wanalipa moja, nyingine inarudi. Bosi kasema nibandike modifaya 59 (alama ya ziada pembeni ya namba ya huduma) kila mstari zitapita. Ni sawa? Halafu hizi modifaya za GP na KX ndo nini?

JIBU: Marahaba mpwa. Si sawa, usibandike. 59 haiwaambii Medicare "nilipeni", inawaambia hizi huduma mbili zilifanyika kila moja kwa muda wake, na ukiiweka bila kuangalia umesema kitu usichokijua. 97140 ni tiba ya mikono, kukanda na kulegeza viungo, 97530 ni mazoezi ya shughuli za kila siku kama kuinuka kitini au kunyanyua mzigo, na CMS, wakala wa serikali wanaoendesha Medicare, wameziweka kwenye jedwali la jozi za huduma zinazogongana, wanalolipitia kila miezi mitatu, sasa zikija pamoja bila maelezo wanahesabu ni kazi ileile imedaiwa mara mbili.

Kwa hiyo fungua noti za fizio. Ukikuta dakika 15 za mikono, halafu dakika 15 zingine za 97530, hazijaingiliana, hapo weka 59 roho safi, na tangu Julai 2019 Medicare wanaipokea kwenye mstari wowote kati ya hiyo miwili. Ukikuta imeandikwa "dakika 30" tu zimerundikwa, muulize fizio mwenyewe, usimtungie (najua kumpata ni kazi, wao wakifungua saa mbili asubuhi huku kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, basi mtumie maswali yote kwa pamoja). Na 97110 (mazoezi ya kawaida ya tiba) na 97140 wala sio jozi, 59 ya nini hapo? Hiyo ya bosi ni kama kuandika gredi ya kwanza kwenye kila gunia la korosho hata zilizoloa, ghalani wakifungua utasema nini?

GP haina mjadala, inaonyesha huduma iko chini ya mpango wa fizio, inakaa kila mstari wa tiba. Kama msaidizi wa fizio kafanya zaidi ya asilimia 10 ya huduma unaongeza CQ, wanalipa asilimia 85 tangu 2022, na CQ bila GP inarudishwa. KX ni pale gharama za mgonjwa kwa mwaka zinapovuka kiwango, 2025 kilikuwa dola 2,410, fizio na tiba ya usemi zikihesabiwa pamoja, nayo inasema tiba bado inahitajika na noti zinathibitisha, kwa hiyo usiiweke toka Januari eti kujihami.

Zilizorudi anza na za zamani, muda wa kusahihisha unakwisha.