Klachi ya Steji 3 kwa gari la kila siku: ninunue?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo navuka feri asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki. Gari ni Impreza WRX ya 2003 kutoka Japani, gia tano za mkono. Nimeweka ekzosi pana na kubadilishiwa programu ya kompyuta ya injini. Kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) ilisoma toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (nyutoni-mita) 330 kwenye magurudumu. Siku hizi nikiwa gia ya nne nikakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Dukani nimeshauriwa nichukue klachi ya Steji 3, yenye pleti ya vipande sita vya seramiki, pamoja na flaiwili (gurudumu la chuma nyuma ya injini) nyepesi, eti nitasahau habari za klachi maisha. Mke wangu pia huliendesha gari hili. Ninunue?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue hiyo. Klachi ya seramiki ni kifaa kizuri mahali pake, na mahali pake si foleni ya feri. Unachohitaji ni pleti ya oganiki (uso wa kusugua wa kawaida, kama wa kiwandani) ya duara zima, yenye springi katikati, pamoja na presha pleti (bamba linaloibana pleti) yenye mgandamizo mkubwa kuliko ya kiwandani. Nitakueleza sababu, maana pesa ni zako na mguu wa kukanyaga pedali ni wako na wa mkeo.

Kwanza hakikisha kweli ni pleti iliyokwisha. Dalili uliyotaja ni ya klachi kuteleza, lakini klachi huteleza kwa sababu zaidi ya moja. Kanyaga pedali kwa kidole tu, taratibu. Lazima uhisi nafasi ndogo ya bure kabla haijaanza kusukuma mafuta ya klachi. Kama hakuna nafasi hiyo, fimbo ya masta silinda (pampu ya mafuta hayo) imerekebishwa vibaya, mafuta hayarudi yote kwenye kikopo, na klachi inabaki imesukumwa kidogo muda wote kama mtu aliyeegemeza mguu. Hapo hata pleti mpya itateleza. La pili ni oili. Sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) ikivuja, oili hulowesha pleti, na pleti iliyolowa oili haisafishiki ikapona. Ukiweka klachi ya bei kubwa bila kuziba mvujo, utarudi dukani.

Sasa hesabu yako ya toki. Umesoma Nm 330, na huenda umelinganisha na takwimu ya kiwanda ya gari hili, Nm 333 hivi, ukaona hakuna kilichobadilika. Ile ya kiwanda hupimwa kwenye injini. Ya kwako imepimwa kwenye magurudumu, baada ya giaboksi, difu mbili na shafti zote kula sehemu yao. Kwa gari la magurudumu manne ya kuvuta, mimi hukadiria kwamba asilimia 20 hupotea njiani. Gawanya 330 kwa 0.8, unapata kama Nm 412 kwenye injini. Hiyo ndiyo toki ambayo klachi inaishika. Klachi ya kiwandani iliwekwa kwa ajili ya 333 na akiba kidogo. Umemaliza akiba, na pleti yenyewe imeshalika. Haishangazi kwamba inateleza.

Kwa gari la kila siku napenda klachi iwe na uwezo wa kushika toki ya injini pamoja na robo yake hivi. Kwako ni kama Nm 510. Ukizidisha sana juu ya hapo hupati chochote barabarani zaidi ya pedali nzito. Unaposoma karatasi ya klachi, uliza kama namba yao ni ya kwenye injini au ya kwenye magurudumu, maana wako wanaoandika hivi na wako wanaoandika vile.

Klachi hupataje nguvu ya kushika? Ni mambo manne tu: pleti ina nyuso ngapi za kusugua, uso wake unauma kiasi gani, presha pleti inabana kwa kilo ngapi, na msuguano unatokea umbali gani kutoka katikati. Pleti ya gari lako ina kipenyo cha milimita 230, na msuguano wake tuseme unafanya kazi kama sentimita 9.5 kutoka katikati. Ina nyuso mbili. Lainingi (uso wa kusugua) ya oganiki ina kiwango cha msuguano cha 0.3 hivi. Ukipiga hesabu, kushika Nm 510 kunahitaji mgandamizo wa karibu kilo 910, ambapo Nm 412 ingehitaji kama kilo 740. Kwa hiyo tofauti unayoitafuta inapatikana kwa kuongeza mgandamizo peke yake, bila kugusa aina ya lainingi. Seramiki huongeza mahali pengine, kwenye kuuma, na hapo ndipo tabia ya gari inapobadilika.

Twende pale Likoni. Umekaa kwenye foleni, gari linasogea mita tano, linasimama. Unateremka taratibu kuingia feri. Ng'ambo, watu wa miguu wanatoka kwanza, umati mzima, halafu unapanda mteremko ule nyuma ya lori linalokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Muda wote huo klachi yako iko nusu: haijashika, haijaachia. Pleti ya oganiki ina kitu kinachoifaa kazi hiyo. Shika mpya mkononi, ibane kwa vidole viwili. Utaona kwamba kati ya lainingi ya mbele na ya nyuma kuna vibati vyembamba vilivyopinda kama wimbi, na vinabonyea. Vibati hivyo ndivyo vinavyofanya klachi ishike polepole kadiri unavyoinua mguu. Pleti nyingi za seramiki hazina vibati hivyo. Vile vipande sita vimepigwa ribiti moja kwa moja kwenye chuma kigumu. Kati ya kuachia na kushika hakuna nafasi ya kupumua: mguu ukiinuka kidogo gari linaruka, ukirudisha linatetema mpaka dashibodi inagonga.

Na usidhani seramiki haiungui. Yenyewe inavumilia joto sana, kweli, lakini joto lile linaingia kwenye flaiwili na presha pleti. Kila unapoondoka, joto linalozalishwa kwenye klachi ni karibu sawa na nguvu ya mwendo uliyolipa gari. Gari la kilo 1,400 likishikwa kikamilifu kwenye kilomita 12 kwa saa, ni kama kilojuli 8. Ukizoea kuondoka kwa mizunguko maradufu kwa sababu klachi inataka hivyo isizime injini, klachi inashika kwenye mwendo maradufu na joto linakuwa mara nne. Zidisha kwa kila kusogea kwenye foleni, asubuhi na jioni.

Kuna mteja wangu mmoja wa upande wa Mtwapa aliyeniletea gari kama lako, lenye pleti ya vipande sita aliyofungiwa mahali pengine. Malalamiko yake yalikuwa ya gia ya tatu kulia. Nilipoteremsha giaboksi, flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu, duara duara, makubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, na mifereji ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Oili ya giaboksi niliimwaga kwenye trei, na chini ya trei kulikuwa na jino zima la gia, limekatika safi. Giaboksi ya gia tano ya hizi WRX inajulikana kuwa ndicho kiungo dhaifu. Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, tairi hazitelezi kirahisi, na klachi ya seramiki haitelezi hata kidogo. Sasa ule mshtuko wa kuondoka kwa kasi uende wapi? Unaishia kwenye meno ya gia. Klachi ya oganiki inayoteleza robo sekunde inaokoa giaboksi ambayo bei yake ni mara kadhaa ya klachi. Hili naliamini kabisa, na huwaambia vijana wote wanaokuja na WRX: mwache pleti aumie kabla ya gia.

Kuhusu jina Steji 3, lisikutie wasiwasi wala tamaa. Hakuna kipimo kimoja cha kimataifa kinachosema Steji 1 ni nini na Steji 3 ni nini. Kila kiwanda kinahesabu chake. Kwa mfano Exedy wa Japani, Steji 1 yao ni pleti ya oganiki na Steji 2 ni ya seramiki. Kiwanda kingine kinaweza kuita Steji 2 pleti ya oganiki yenye presha pleti kali. Kwa hiyo dukani usiulize steji. Uliza: lainingi ni ya nini, ni duara zima au vipande, katikati kuna springi au ni chuma kitupu, na inashika Nm ngapi. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo manne anauza boksi tu. Ukilipata boksi, linganisha namba iliyochapwa juu yake na ile iliyogongwa kwenye presha pleti yenyewe. Klachi za kughushi zipo sokoni, na boksi ndilo linaloghushiwa vizuri zaidi.

Utasikia pia habari za Kevlar, lainingi ya nyuzi ngumu. Ni laini kuondokea na hudumu sana kwa mtu anayekwenda barabara ndefu. Lakini inataka kuzoeshwa kwa muda mrefu, na ikiwahi kupata joto kali uso wake hung'aa kama kioo na haurudi vizuri. Kwa anayepanda kutoka kwenye feri kila siku, mimi nisingeiweka.

Springi za katikati usikubali kuziacha. Injini haitoi nguvu kama maji ya bomba, inatoa kwa mapigo, na springi hizo ndizo zinazomeza mapigo yasifike kwenye gia. Pleti ya chuma kitupu ni ya gari la mashindano ambalo giaboksi yake hufunguliwa kila baada ya mbio chache.

Flaiwili nyepesi iache. Uzito wa flaiwili ndio unaobeba gari lako ile sekunde ya kwanza ya kuondoka. Ukiupunguza, injini itazima zaidi mteremkoni na giaboksi itagonga gari likiwa limesimama linanguruma. Pesa hiyo itumie kuichonga flaiwili yako kwa fundi wa mashine mpaka uso uwe safi na sawa. Kama ina nyufa au madoa ya joto yasiyotoka, nunua nyingine ya uzito wa kiwandani.

Presha pleti kali ina gharama yake pia, sitakuficha. Pedali itakuwa nzito kuliko ulivyozoea, na mkeo ataihisi. Vilevile kila unapokanyaga klachi, mgandamizo ule unavuta krenki kuelekea nyuma, na kuna beringi moja ndani ya injini inayobeba mzigo huo peke yake. Ndiyo maana nakataa presha pleti kubwa kupita mahitaji, na ndiyo maana nakuomba foleni ikisimama utoe gia, uvute breki ya mkono, uachie pedali. Usilishikilie gari mteremkoni kwa klachi. Hata dakika moja ya kufanya hivyo hunuka.

Kwa fundi atakayefunga, mpe angalizo hili: klachi ya kiwandani ya WRX za gia tano za miaka hiyo ni ya kuvuta, beringi yake imenasa ndani ya vidole vya presha pleti. Ubavuni mwa giaboksi kuna kizibo cha kufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, na ndani yake mna pini ya uma wa klachi. Pini hiyo hutolewa kabla ya kutenganisha giaboksi na injini. Fundi asiyejua atavuta na kupiga nyundo mpaka uma upinde. WRX zilizofuata zilibadilishwa zikawa za kusukuma, na vipuri haviingiliani, kwa hiyo agiza kwa namba ya chesisi, usiagize kwa jina la gari. Giaboksi ikiwa chini, badilisha beringi ya klachi, ile ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya krenki, na ukague sahani ya nyuma ya injini kama inalia oili. Kazi ya kuteremsha ni ileile, usiirudie kwa ajili ya sili. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kukatiza, kidogo kidogo, na asishike uso wa pleti kwa mikono yenye grisi.

Ukishafungiwa, ipe kilomita 800 hivi za mjini kabla hujaikanyaga sana. Safari zako za feri zinatosha kabisa kuizoesha, kwa kuwa inachotaka ni kuondoka na kubadilisha gia mara nyingi kwa upole, na mbio za barabara kuu hazisaidii. Siku za kwanza unaweza kusikia harufu kidogo au mtetemo mdogo ukiondoka, hupungua. Ukifika kilomita hizo, tafuta barabara iliyonyooka na tupu, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,500, kanyaga mafuta mpaka tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) ijae, na utazame mishale yote miwili, wa mizunguko na wa mwendo. Ikipanda pamoja, kazi imekwisha. Ule wa mizunguko ukitangulia, niletee gari kabla hujafanya lolote jingine.