Jibu: Kwa nini usumaku wa GdRu2Si2 unapanda kwa ngazi

Ndugu, umeuliza kwa nini grafu yako ya usumaku wa GdRu2Si2 (fuwele ya gadolini, rutheni na silikoni) inaruka ngazi kwa ngazi uga wa sumaku unapoongezwa. Si lazima kipimo kiwe kibovu. Atomu za gadolini zimekaa kwa matabaka, na elektroni huru ndizo zinazoziunganisha: umbali fulani zinaelekeza spini zao (yaani sumaku ndogo za atomu) upande mmoja, umbali mwingine zinazipinganisha. Basi joto likishuka chini ya kelvini 46 hivi spini hujisokota, na kila mruko ni mpangilio mpya. Utamu wenyewe uko kwenye uga wa kati ya tesla 2 na 2.5, sampuli ikiwa baridi sana: hapo huzaliwa skirmioni, vizingo vya spini vya nanomita 1.9 tu, vimejipanga kimraba! Ila hakikisha uga uko sambamba na mhimili c wa fuwele, yaani ule uliosimama wima juu ya matabaka.