Maswali ya Wasomaji: Urani iliyobaki stoo

Kampuni yetu hukagua maungio ya mabomba kwa kamera ya mionzi. Chanzo chake cha mionzi, cha madini ya iridi, kimechoka, tumekirudisha kwa muuzaji. Sasa afisa wa KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, anataka ile kamera tupu iandikwe. Si imebaki chuma tu? — Fundi, Changamwe

Si chuma tu. Iridi-192 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74, ndiyo maana hubadilishwa mara kwa mara. Lakini kinga inayoizunguka, katika kamera nyingi za aina hii, ni urani hafifu, yaani ile iliyokwisha kutolewa sehemu kubwa ya urani-235, aina inayotumika kwa nishati na mabomu. Huchaguliwa kwa sababu ni nzito kuliko risasi, hivyo kamera inabebeka. Haifai kwa bomu, ila kisheria ni mali ya nyuklia. Kenya ina mkataba wa ukaguzi wa mali ya nyuklia na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), pamoja na itifaki ya ziada, nyongeza inayowapa wakaguzi taarifa na ruhusa zaidi, tangu 2009, na urani hiyo imo.

Soma kibao cha kamera na cheti chake. Andika namba ya kamera, uzito wa urani kwa kilo, mahali ilipo, na tarehe ya kila uhamisho. Kosa la kawaida ni kuandika uzito wa kamera nzima: kamera ya kilo 24 inaweza kuwa na urani kilo 15 hivi. Kosa jingine ni daftari kufuata chanzo peke yake; chanzo kikirudishwa, mstari unakatwa, na kamera inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Serikali inaweza kuiombea msamaha wa ukaguzi, lakini haiwezi kuombea kitu isichojua kipo.

Wakaguzi wa IAEA wako Vienna. Nchi zetu jirani zikikutana, hufundishana nini? — Msomaji, Likoni

Kuhesabu, kwanza. Mkaguzi hulinganisha anachokiona na taarifa ya nchi, na kamera za mabomba huvuka mipaka kufuata kazi. Ikitoka Mombasa kwenda Kampala, upande mmoja huandika imetoka na wa pili imeingia. Namba au kilo zikitofautiana, Vienna itauliza pande zote mbili. Mwaka 2020 IAEA ilianzisha mpango wa COMPASS wa kuimarisha mamlaka za nchi zinazohesabu mali ya nyuklia, na Rwanda ilikuwa kati ya nchi saba za majaribio. Kwa bara zima kuna Tume ya Afrika ya Nishati ya Nyuklia, Pretoria, iliyotokana na Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika.

Kwa maoni yetu, semina za hotelini zimezidi. Afisa mmoja husomeshwa, kisha huhamishwa na ujuzi wote. Afadhali waende wawili, wenye kamera halisi mezani, na warudi na utaratibu ulioandikwa.

Na thoriamu, ile metali ya mionzi ya Mrima Hill, Kwale, inahesabiwa? — Mwalimu, Msambweni

Ikiwa bado ni mawe ardhini, hapana. Kiwanda cha kuisafisha kikijengwa, itifaki ya ziada inataka kitangazwe. Thoriamu iliyosafishwa ikiuzwa nchi isiyo na silaha za nyuklia, serikali huijulisha IAEA kiasi, aina na inakokwenda, isipokuwa ikiwa imeuzwa mahsusi kwa kazi isiyo ya nyuklia.