Meli Ikizeeka Ivunjwe Wapi? Majibu ya Maswali Yenu

Tulipoandika juu ya kuvunjwa kwa meli kuukuu, wasomaji wengi walituma maswali. Nayajibu yale yaliyoulizwa zaidi.

Kwa nini meli nyingi huvunjwa ufukweni, si kwenye chelezo (gati kavu la kutengenezea meli)? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu ufukwe hauna gharama kwa mwenye meli. Huko Alang, India, na Chattogram, Bangladesh, husubiriwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Maji yakijaa, meli inaendeshwa kwa nguvu zote za injini mpaka ipande tope; yakipwa, imeshakaa. Chuma chake hununuliwa kwa bei nzuri kwa kuwa viwanda vya nondo viko jirani.

Hasara inamwangukia mwingine. Pande likikatwa omoni, yaani mbele ya meli, linadondoka kwenye tope, na mafuta pamoja na magamba ya rangi huchukuliwa na maji yakijaa tena. Mtu akibanwa na chuma, kreni nzito haipiti topeni kumtoa, wala gari la wagonjwa halifiki ubavuni mwa meli. Baadhi ya karakana za Alang zimejitahidi, zimejenga sakafu za zege na kufundisha watu. Hata hivyo, siamini kwamba kofia na buti vinatosha kwa mtu anayesimama chini ya chuma kinachoning'inia huku miguu imezama topeni.

Basi njia safi ikoje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Meli huingizwa kwenye chelezo, au hufungwa gatini, kama wanavyofanya Ghent, Ubelgiji. Aliağa, Uturuki, omo hupandishwa nchi kavu na tezi, sehemu ya nyuma, ikabaki inaelea. Bahari ya huko haipwi sana, kwa hiyo kreni inaweza kuinua pande zima na kuliweka kwenye sakafu isiyopenyeza mafuta.

Lakini kazi kubwa hutangulia kukata. Panatakiwa orodha ya vitu vya hatari vilivyomo na mahali vilipo: asbesto (nyuzi za madini za kuzuia joto) iliyozungushiwa mabomba ya mvuke, kemikali za sumu ziitwazo PCB kwenye nyaya za zamani, madini ya risasi kwenye rangi, zebaki kwenye vipimo. Asbesto huloweshwa ili vumbi lisiruke, chumba huzibwa kwa nailoni, na fundi huvaa barakoa yenye chujio. Ugonjwa wake huweza kuchukua miaka 20 hata 40 kujitokeza, wakati kijana aliyeivuta amesharudi kijijini na hakuna anayekumbuka alifanya kazi wapi.

Nakata vyuma chakavu Mombasa. Tangi lililokwisha kumwagwa mafuta linalipukaje?

Ndugu yangu, hilo ndilo la kuogopa. Kinacholipuka ni mvuke wa mafuta ukichanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa lina nafasi tele ya mchanganyiko huo. Tope la mafuta lililoganda chini nalo likipashwa moto na mwali wako hutoa mvuke mpya, hata kama asubuhi ulipima ukakuta salama.

Kwa hiyo: tope lichotwe lote, tangi lioshwe, lipulizwe hewa, kisha lipimwe kwa kifaa. Oksijeni iwe karibu asilimia 21 na gesi inayowaka isisomeke. Pima tena kila mnaporudi kutoka mapumziko. Kwangua rangi kwenye mstari utakaokata, maana moshi wa rangi ya risasi ni sumu. Na asiwepo mtu anayekata peke yake. Mwenzake asimame nje na mpira wa maji. Gadani, Pakistan, tarehe 1 Novemba 2016, meli ya mafuta iitwayo Aces ililipuka ikivunjwa, ikaua watu wasiopungua 26.

Si bora kuizamisha iwe makazi ya samaki? (Msomaji, Lindi)

Hapana, kama sumu haijatolewa. Brazil iliizamisha manowari yake kuukuu ya kubebea ndege, São Paulo, Februari 2023, baada ya Uturuki kukataa kuipokea. Ilikwenda chini na asbesto yake, kwenye kina cha mita 5,000 hivi.

Mkataba wa Hong Kong unasaidia? Na bendera ya Komoro inaingiaje humo? (Baharia, Zanzibar)

Huu ni mkataba wa kimataifa wa kuvunja meli kwa usalama; ulipitishwa 2009, ukaanza kutumika 26 Juni 2025. Unadai ile orodha ya vitu vya hatari na karakana zenye kibali. Ni hatua ya kweli, ila haukukataza kuvunjia ufukweni.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ni kali zaidi, lakini sharti lake la kuvunjia kwenye karakana zilizoidhinishwa linazibana meli zenye bendera za nchi wanachama tu, yaani zilizosajiliwa huko. Mwenye meli huiuza kwa dalali, naye hubadilisha bendera kwa safari ya mwisho. Ya Komoro imetumika mara nyingi kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, sheria imfuate aliyenufaika na meli, na fedha ya kuivunja itengwe tangu ikiwa bado inabeba mizigo.