Nilianguka Mtihani wa Protini, Sambusa Zikaniinua

Juzi msomaji mmoja wa mwaka wa kwanza kaniandikia: "Dada, muundo wa protini umenishinda, nifanyeje?" Swali limenikuta na matokeo ya marudio mkononi: 74. Mara ya kwanza nilipata 31, na mhadhiri akaisoma alama hiyo mbele ya darasa zima. Kuna waliocheka. Sura zao nazikumbuka.

Kosa langu lilikuwa kukariri. Asidi amino zote 20, vipande vinavyojenga protini, nilizitaja kama beti za kaswida. Ukiniuliza zina kazi gani, kimya.

Ramadhani ndiyo iliyonifumbua macho. Kwetu Majengo mamangu huuza sambusa, na kuzikunja ni kazi yangu. Ukanda wa manda ukilala mezani hauna faida. Ukunje kona kwa kona, unapata mfuko wa kutia nyama. Uji wa unga wa kugandishia hupakwa ncha ya mwisho, ndani. Siku hiyo usingizi ulinizidi, nikawa napaka hadi nje. Kuja kukaanga, sinia nzima imegandana. Mama alinitazama tu.

Nikapiga kelele: "Hii ni selimundu!" Yaani ule ugonjwa wa kurithi wa damu. (Alidhani nimepagawa.)

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye seli nyekundu za damu, ni minyororo 4 ya asidi amino iliyokunjwa kama manda. Katika mnyororo uitwao beta, wenye asidi amino 146, ile ya 6 hukaa nje na inapenda maji. Kati ya herufi kama bilioni 3 za jenomu, yaani maelezo yote ya urithi, moja tu ikigeuka, A ikawa T, mahali pale huingia valini, asidi amino inayoyakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini, kama uji wangu uliopakwa nje, hujichomeka kwenye kishimo cha himoglobini jirani, jirani naye kwa mwenzake, mpaka nyuzi ndefu zinaipinda seli nyekundu kama mundu. Na jeni hiyo iliyogeuka haitoweki huku pwani, kwa sababu anayerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954.

Kwa hiyo acheni kukariri. Chora, kunja karatasi, jiulize kipi kiko ndani na kipi nje. Narudia: acheni kukariri! Mnasambaziana muhtasari kwenye WhatsApp usiku wa mtihani, halafu mnasema somo gumu. Mimi nimepita huko, nimechekwa, najua ninalosema.

Swali la tatu la marudio lilikuwa himoglobini. Nilichora pembetatu mbili zilizogandana pembezoni mwa karatasi, ndipo nikaanza kuandika.