Je, Serikali Kuu Ilihitaji Kuua Majimbo?

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu kutoka Kisauni. Jioni moja barazani, tukinywa kahawa, mzee wetu mmoja alisema kwamba majimbo ya Kenya, yaani mikoa iliyokuwa na mabunge na madaraka yake, yalivunjwa mwaka wa 1964 kwa sababu taifa changa halisimami bila serikali kuu yenye nguvu. Vijana walimpinga vikali. Ukweli uko upande gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako ana hoja nzito, ila mfano alioutoa haumsaidii. Angetaja Marekani. Chini ya mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka wa 1781, bunge lao la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliomba michango kwa majimbo 13, nayo yakatoa yalipopenda, huku askari waliopigania uhuru wakidai mishahara yao. Pendekezo la kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za ng'ambo lilihitaji idhini ya majimbo yote, na Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa; kila jimbo likabaki na ushuru wake. Sisi watu wa bandari tunalielewa hilo upesi: kontena likishushwa Kilindini, halafu kila kaunti mpaka Nakuru idai forodha yake, mfanyabiashara atabaki na nini?

Hapa kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kaskazini Mashariki kulikuwa na vita vya kutaka kujiunga na Somalia, na ukanda wa Pwani ulikuwa umetoka tu mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo hofu ya Nairobi haikuwa ya kubuni. Lakini jimbo la Pwani, chini ya Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU kilichotetea majimbo, halikushindwa kazi. Nairobi ilichelewesha fedha na madaraka, kisha KADU kikajivunja Novemba 1964, na mwezi uliofuata jamhuri ikaja na katiba iliyoyapokonya majimbo meno. Umemnyima mtu chakula, kisha unamcheka kwamba hana nguvu!

Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa forodha na kodi ya mapato, na kaunti 47 zikatengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mpango huo naukubali. Kinachonikera ni ucheleweshaji: majuzi nilisimama kwenye dirisha la dawa la zahanati moja ya kaunti, mhudumu akanionyesha rafu tupu, akasema kwa upole, "Rudi mgao wa Nairobi ukifika, mzee."