Kabla ya Kutaja Sugababes, Taja Mwaka

Wadogo zangu mliojiunga juzi na meza ya utayarishaji wa vipindi vya muziki, wiki hii nimesoma skripti zenu tatu kuhusu Sugababes, kundi la waimbaji wa kike wa Uingereza, na zote zinamhesabu Heidi Range miongoni mwa waasisi wa kundi hilo. Nimezirudisha. Ninaandika haya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu kosa hili nimelisahihisha kwa kila kundi la vijana lililopita hapa kabla yenu.

1. Anzeni na mwaka. Kundi liliundwa London mwaka 1998 na Siobhán Donaghy, Mutya Buena na Keisha Buchanan, wakiwa bado wasichana wa umri wa kwenda shule. Siobhán aliondoka mwaka 2001, baada ya albamu moja tu, na nafasi yake ikachukuliwa na Heidi, ambaye awali alikuwa katika kundi la Atomic Kitten. Kwa hiyo "Overload" ya mwaka 2000 haina sauti ya Heidi, na "Freak Like Me" ya mwaka 2002, wimbo wao wa kwanza kushika namba moja Uingereza, haina sauti ya Siobhán.

2. Sikilizeni faili kabla ya kulipeleka studio. Hapa sina budi kuwaeleza jambo ambalo bado linaniuma. Mutya aliondoka Desemba 2005, miezi michache tu baada ya albamu yao ya nne kutoka. Amelle Berrabah akaingia mara moja, akarekodi upya sehemu kadhaa, na albamu hiyo ikatolewa tena mwaka 2006. Ndiyo maana wimbo wao "Red Dress" una matoleo mawili: lile la albamu ya 2005 lenye sauti ya Mutya, na lile la singo ya 2006 lenye sauti ya Amelle. Mimi, nikiwa mgeni kama ninyi, niliandika katika skripti kwamba sasa wasikilizaji wataisikia sauti mpya ya Amelle, kisha nikaambatanisha faili la 2005, kwa kuwa jina la wimbo lilikuwa lile lile na sikuona haja ya kulifungua. Mtangazaji, dada niliyemheshimu sana, aliyasoma maneno yangu kwa imani. Kabla wimbo haujaisha, msikilizaji alipiga simu na kusema kwamba aliyekuwa akiimba ni Mutya, na kwamba sauti ile hawezi kuikosea. Dada yule aliomba radhi hewani kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, nikanyamaza. Kipindi kilipokwisha aliniuliza kama nilikuwa nimelisikiliza faili, nami nikamjibu kwamba ndiyo. Nilimdanganya. Zilipita wiki mbili ndipo nikamweleza ukweli. Hakunigombeza, bali aliniketisha, akanipigia matoleo yote mawili, tena na tena, hadi nilipoweza kuonyesha ni mstari gani uliobadilisha mwimbaji.

3. Msiandike kwamba kundi "limevunjika" kila mtu anapoondoka. Keisha alipotoka mwaka 2009 na Jade Ewen kuingia, miezi michache baada ya Jade kuiwakilisha Uingereza katika shindano la nyimbo la Eurovision, hakubaki mwasisi hata mmoja, lakini jina liliendelea na albamu nyingine ikatoka mwaka 2010. Waasisi watatu walipoungana tena mwaka 2012, walilazimika kujiita Mutya Keisha Siobhan, kwa kuwa jina walilolianzisha wenyewe halikuwa mikononi mwao. Walilirudia mwaka 2019. Naona hiki ndicho kiini cha kisa chote, na katika skripti zenu hakimo kabisa. Ulizeni jina ni la nani, kisha ulizeni nani anaimba.

4. Mwandikieni mtangazaji matamshi: Siobhán husomwa "Shivon".

Skripti zirudi mezani Alhamisi. Katika kipindi cha Jumamosi nataka "Red Dress" zote mbili zipigwe mfululizo, Mutya kwanza kisha Amelle, na kila moja itajwe kwa mwaka wake. Dada yule amestaafu, na Jumamosi huwa anatusikiliza.